Kununua sanaa halisi ukiwa Dodoma: ya kupenda au ya kutunza hela? Mwongozo kamili hatua kwa hatua

Mbukwenyi wakuu.

Naandika hii kwa sababu swali ni lilelile kila mara. Mtu kahamia Dodoma, kajenga Ilazo au Nzuguni au Kisasa, ukuta wa sebule mweupe mkubwa unamtazama, siku moja akiwa Dar kwa kikao akanunua picha, muuzaji kamwambia "hii bosi miaka mitano tu inakuwa mara tatu". Miaka mitano imepita, ada za shule zimebana, anakuja kwangu: dada nimuuzie nani? Nikimuuliza msanii ni nani hajui, risiti hamna, nyuma ya picha patupu, na rangi imeanza kupasuka kwa sababu imetundikwa pale jua la saa kumi linapopiga.

Picha yenyewe mara nyingi ni nzuri tu. Shida ni kwamba alinunua kitu kimoja kwa nia mbili, na kila nia ina masharti yake. Sasa tuende polepole.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Futi ya kupimia, ile ya fundi, ya mita 3 au 5.
- Picha za ukuta wako kwenye simu, moja ya asubuhi na moja ya jioni.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kitambaa cheupe cha pamba na spiriti kidogo kwenye kichupa, kama unawaza kinyago.
- Daftari, au karatasi 2 zilizochapwa tayari za makubaliano (nitaeleza hatua ya 6).
- Shuka safi na magazeti ya kufungia.
- Hela uliyoitenga ambayo isiporudi hutakosa kulala. Hii isome mara mbili.

## Hatua ya 1: Amua unanunua kwa nia gani, na uandike

Chukua kalamu uandike sentensi moja: "Nanunua ya kuangalia" au "Nanunua ili niuze baadaye". Najua utasema kwani si naweza vyote, unaweza, inatokea, lakini moja lazima iwe mbele kwa sababu ndo itakayokuamulia ukifika dukani na moyo unadunda.

Ukinunua ya kupenda, maswali yako ni mepesi. Naipenda? Nitaipenda na keshokutwa? Inakaa vizuri kwangu? Jina la msanii ni heshima kulijua ila halibadilishi raha yako, kijana anayechora mibuyu ya huku kwetu na ng'ombe wa Kigogo wakirudi jioni na vumbi jekundu anaweza kukupa furaha ya miaka ishirini kwa bei ya simu ya kawaida.

Ukinunua ya kuuza baadaye, swali kubwa ni moja: nani atainunua kwangu, wapi, kwa uthibitisho gani? Kama huna jibu, hiyo ni ya kupenda, hata kama ulilipa milioni.

Ngoja nikupe hesabu, maana hapa ndo watu wanapoumia. Tuseme umenunua kazi kwa 500,000, fremu 90,000, usafiri 30,000. Umetoa 620,000. Miaka sita baadaye galari inakuuzia kwa 1,000,000, bei imekuwa mara mbili, unashangilia. Galari inakata kamisheni yake, na kamisheni ya asilimia 30 hadi 50 ni jambo la kawaida kwenye biashara hii, tuchukue 40. Unabaki na 600,000. Bei imepanda mara mbili na umepoteza 20,000, na hapo sijagusa mfumuko wa bei. Hela hiyohiyo ungeiweka kwenye hatifungani za serikali ungekuwa unapokea riba mara mbili kwa mwaka na mtaji wako uko palepale.

Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nataka ujue kwamba picha haikulipi kitu ikiwa ukutani zaidi ya raha ya kuiangalia, kwa hiyo kama hiyo raha haipo umebaki mikono mitupu.

Onyo: usikope ununue sanaa. Mkopo wa mshahara una tarehe, mnunuzi wa picha hana.

Utajua umefaulu ukiwa: una sentensi moja kwenye daftari na kiwango cha juu cha hela pembeni yake.

## Hatua ya 2: Pima ukuta na usome jua la nyumba yako

Dodoma sio Dar. Huku hewa ni kavu, kiangazi kinaanza kama Mei na kinaburuza hadi Novemba, upepo unakuja na vumbi laini linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, na jua halina huruma. Kabla hujanunua chochote ujue ukuta upi haupigwi jua moja kwa moja, haupo mgongoni mwa bafu, na hauko karibu na jiko.

Pima upana wa ukuta ulio wazi. Juu ya kochi, picha au kundi la picha likichukua kama theluthi mbili ya urefu wa kochi linakaa vizuri, dogo sana linaonekana limepotea. Kipimo ukikiandika anza na kimo halafu upana, ndivyo wasanii na galari wanavyoandika, 60 × 90 kwao ni picha pana na 90 × 60 ni ndefu, nimeona mtu akitumiwa kitu kisichoingia kwake kwa sababu hiyo tu.

Utajua umefaulu ukiwa: unaweza kumtajia msanii ukubwa kwa sentimita bila kusema "ya saizi ya kati".

## Hatua ya 3: Zunguka bila kununua

Ziara ya kwanza acha hela nyumbani. Kabisa.

Hapa Dodoma anza na wasanii wenyewe. UDOM kuna vijana wanaosoma sanaa za kuchora na kubuni, na wengi wanauza kazi zao wakiwa bado masomoni. Wakati wa Nane Nane pale viwanja vya Nzuguni huwa wanakuja wachongaji, wafinyanzi na wachoraji, zunguka mabanda ya wajasiriamali. Wengine wanafanya mabango na maandishi ya magari mchana, usiku wanachora vitu vyao, waulize: "Kaka, una kazi zako mwenyewe nyumbani?" Utashangaa atakachokutolea.

Kwa macho zaidi panda treni ya SGR uende Dar, saa tatu na ushee umefika. Nenda Nafasi Art Space Mikocheni uone wasanii wa sasa kwenye karakana zao, nenda kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, nenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Siku moja ngumu lakini inatosha kukufundisha tofauti ya mkono na mkono.

Unachofanya ni kuangalia nyingi. Jicho linajifunza kama ulimi unavyojifunza mchuzi, ukishaona twiga hamsini wa Tingatinga utamjua yule mmoja aliyechorwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Piga picha kwa ruhusa, omba, usivizie.

Utajua umefaulu ukiwa: wiki mbili zimepita na kuna kazi moja au mbili bado zinakurudia kichwani. Iliyosahaulika usiinunue.

## Hatua ya 4: Kagua kazi kwa mikono na macho

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye mashimo.

### Picha za kuchora

Washa tochi uimulike picha kwa ubavu, mwanga upite juu ya uso wake. Rangi iliyopakwa kwa brashi ina vilima na mabonde, na mahali rangi moja imepanda juu ya nyingine unaona ukingo. Picha iliyochapwa kwa mashine juu ya kanvasi ni bapa, ukisogeza jicho unaona vidoti vidogo, na ujanja wa siku hizi ni kuchapa halafu kupaka mafuta ya kung'aa juu yake kwa brashi ili ionekane ina mikwaruzo. Angalia kama mikwaruzo inafuata mchoro. Mti una umbo lake lakini brashi imepita moja kwa moja juu ya mti na mbingu na ng'ombe bila kujali, hiyo ni chapa.

Igeuze nyuma. Muuzaji anayekataa usigeuze picha, muage vizuri uondoke. Nyuma utaona kanvasi ya aina gani, imekazwa vipi, kuna jina, mwaka, alama ya unyevu, matobo ya wadudu. Kama mbao za nyuma zina unga mwembamba kama wa sembe, kuna dumuzi humo, ukiingiza ndani atahamia kwenye kabati lako.

Kuna kazi zinazochapwa kwa mkono ambazo ni sanaa halisi kabisa: msanii anachonga ubao au lino (shiti laini la kuchonga), anapaka wino, anagandamiza karatasi. Hizo huandikwa kwa penseli chini, kwa mfano 3/20, maana yake hii ni ya tatu kati ya nakala 20. Ni njia nzuri ya kumpata msanii mkubwa kwa bei unayoiweza. Ikiwa haina namba wala saini ya penseli, uliza mara mbili.

### Tingatinga, kwa sababu kila mtu anaiulizia

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani alichora miaka michache tu, kwa rangi ya enameli, ile ya kung'aa watu waliyokuwa wakipaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Kwa hiyo kazi za mkono wake mwenyewe ni chache sana duniani na zinagombaniwa. Mtu akikufuata Nyerere Square na kanvasi laini, mpya, inanukia, imeandikwa jina la Edward Tingatinga chini, hiyo haikuchorwa na marehemu.

Maana ya "Tingatinga" dukani ni mtindo. Wanafunzi wake waliuendeleza, na wanafunzi wa wanafunzi wao hadi leo. Nyingi zimechorwa kwa mkono kweli, ila mchoro uleule umerudiwa mara mamia. Kwa kupenda, nunua, zina furaha ambayo sijaiona kwingine na mimi sebuleni kwangu ninayo ya ndege wawili. Kwa kuuza baadaye, twiga watatu chini ya Kilimanjaro mwenzio naye anao, na jirani yake anao.

### Majina makubwa

George Lilanga, mchoraji na mchongaji aliyefariki 2005, ndiye jina ambalo wengi wanalitaja wakisikia neno uwekezaji. Ndo maana lina hatari zaidi: alikuwa na wasaidizi karakanani, na baada ya kifo chake kazi zinazobeba jina lake zimekuwa na maswali mengi. Usinunue Lilanga kwa maelezo ya mdomo. Taka historia ya umiliki, nani alinunua kwake, lini, karatasi iko wapi.

Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Kilimanjaro, kazi yake moja iko kwenye jumba la makumbusho la MoMA kule New York. Jambo kama hilo ndilo linaloshikilia bei ya msanii: yuko kwenye mikusanyo gani, amefanya maonyesho wapi, nani ameandika habari zake. Kwa msanii aliye hai uliza hayohayo.

### Vinyago

Mpingo ni mzito mno, kipande cha mkononi kinakushangaza uzito, na kikiwekwa majini kinazama. Ukuni wa ndani ni mweusi wa kahawia, wa nje karibu na gome ni wa rangi ya krimu, na wachongaji wazuri wa Kimakonde mara nyingi wanauacha kidogo uonekane. Sasa chukua kile kitambaa cheupe, tia spiriti tone, sugua chini kwenye kitako kwa ruhusa ya mwenye mali. Kitambaa kikitoka cheusi tii, shuku kwamba ni mti mwingine umepakwa kiwi ya viatu.

Angalia nyufa sehemu ya kitako na kichwani, ukwaruze kwa kucha uone kama kuna gundi na unga umezibia.

Onyo la hapa kwetu: michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo na kuzunguka huko, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Mtu akikuletea kipande cha jiwe lenye mchoro anasema kimeokotwa, usikiguse wala usilipe hata mia. Ikiwa ni kweli ni uhalifu, na kila kipande kinachobanduliwa hakirudi tena. Hili naliomba kwa moyo wote.

Utajua umefaulu ukiwa: unaweza kusema kwa maneno yako imetengenezwa na nini, na nani, na ina kasoro gani.

## Hatua ya 5: Zungumza bei kwa adabu

Bei ya msanii inabeba kanvasi, rangi, kodi ya chumba, na siku zile ambazo kazi ilikataa. Kumpunguza kama unanunua nyanya sokoni Majengo kunamuumiza, na wewe mwekezaji kunakuumiza zaidi, kwa sababu msanii anayeuza leo laki tano kesho laki mbili ameshusha na ile iliyoko ukutani kwako.

Mazungumzo yangu mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Hii nimeipenda toka wiki ile. Unaitoaje?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo laki nne na nusu."

"Sawa mzee, sina yote leo. Naweza kukupa mbili sasa, zilizobaki mwisho wa mwezi, ikakaa hapa hapa kwako?"

"Haya, itakaa hapa hapa, nitaiandika jina lako nyuma."

Kulipa kwa awamu wengi wanakubali, na ni heshima pande zote. Ila picha ikae kwa msanii mpaka umalize, ili hata likitokea la kutokea hakuna ugomvi. Lipa kwa simu au benki, ule ujumbe wa muamala ni ushahidi wako wa tarehe na kiasi.

Utajua umefaulu ukiwa: mmeagana mkicheka na anataka kukuonyesha kazi yake inayofuata.

## Hatua ya 6: Karatasi

Kama utaruka hatua zote usiruke hii. Hata ukinunua ya kupenda. Watoto wako siku moja watakaa na hiyo picha bila wewe wa kuwaeleza.

Karatasi moja, nakala mbili, iwe na haya:

- Jina kamili la msanii na mahali anapofanyia kazi.
- Jina la kazi, au maelezo mafupi kama haina jina.
- Mwaka ilipotengenezwa.
- Imetengenezwa na nini juu ya nini: akriliki juu ya kanvasi, enameli juu ya hadibodi, mpingo.
- Kimo na upana kwa sentimita. Kinyago ongeza uzito.
- Ni moja pekee au ni nakala ngapi.
- Bei, tarehe, namba ya muamala.
- Saini zenu wawili.

Halafu mpige picha msanii akiwa amesimama na kazi yake, uso wake uonekane na kazi ionekane. Mwombe asaini nyuma ya picha pia, aandike mwaka. Ukinunua galari taka risiti ya EFD na cheti cha uhalisi chenye saini. Karatasi zote piga picha uzihifadhi kwenye barua pepe yako, zile halisi ziweke kwenye faili pamoja na hati ya kiwanja, usibandike nyuma ya picha kwa gundi.

Kitu kimoja watu hawakijui: kununua picha hakukupi hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamwachia msanii haki ya kunakili. Huwezi kuichapa kwenye fulana, kalenda ya ofisi wala kava la kitabu bila makubaliano ya maandishi naye. Kuitundika, kuiuza, kuirithisha, hayo ni yako.

Utajua umefaulu ukiwa: mtu asiyekujua akisoma ile karatasi anaweza kuitambua kazi bila wewe kuwepo.

## Hatua ya 7: Safirisha bila kuiua

Rangi ya mafuta iliyopakwa nene inachukua miezi kukauka mpaka ndani, na enameli juu inakuwa kavu huku chini bado laini. Muulize msanii amemaliza lini. Ikiwa mbichi iache.

Kanvasi ikilazimika kukunjwa, uso wa rangi uwe upande wa NJE, izungushwe kwenye bomba nene la plastiki, lile la inchi nne au zaidi, juu yake weka karatasi laini isiyo na maandishi. Najua kila mtu anatamani kuficha rangi ndani, lakini ikikunjwa ndani rangi inajikunyata na ukija kuifungua inapasuka. Enameli nene usiikunje kabisa. Hadibodi ifunge katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, kona zake ziongezee maana ndizo zinazopondeka.

Kwenye basi usiiweke buti chini ya magunia. Na usiiache kwenye gari limepaki juani, plastiki inagandana na rangi, ukiivuta inatoka na anga lote.

Ukimtumia ndugu yuko nje ya nchi kinyago cha mpingo, jua kwamba mpingo uko tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliza maofisa wa misitu kuhusu kibali kabla hujapeleka mzigo mkubwa.

## Hatua ya 8: Fremu, ukuta, na hewa ya Dodoma

Fundi fremu mwambie kwa mdomo na kwa maandishi: hamna gundi kwenye kazi. Mimi nilishawahi kupeleka mchoro wa karatasi kwa fundi mmoja, akaubandika juu ya plaiwudi kwa gundi ya mbao ili "unyooke". Ulinyooka. Miezi michache ukawa na madoa ya njano, na hauwezi kubanduka tena mpaka leo. Nilikaa nao siku nzima nikiwa sina la kusema. Alikuwa anataka kunisaidia na mimi sikumweleza, kwa hiyo wewe eleza.

Kazi ya karatasi inataka kioo, na kati ya kioo na karatasi kuwe na nafasi, fundi anaweka ukingo wa kadi ndani ya fremu. Kanvasi haihitaji kioo. Nyuma ya fremu acha upenyo wa hewa, bandika vipande vidogo vya kizibo au raba kwenye kona za chini ili isigande na ukuta.

Kutundika: msumari wa zege kwenye tofali za saruji unapasua plasta na siku moja utaporomoka. Toboa kwa drili, weka fisha (kile kiplastiki cha kushikilia skrubu), kaza skrubu. Picha nzito weka mbili. Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ikiwa ni juu ya kochi shusha kidogo, watu wengi wanatundika juu sana utadhani ni picha ya rais ofisini. Ikisubiri kutundikwa isiegemee ukuta ikiwa sakafuni hata wiki moja, mchwa wa huku tunawajua.

Vumbi futa kwa brashi laini kavu, ile ya kupakia rangi mpya kabisa, toka juu kushuka. Kitambaa cha maji hapana. Sabuni hapana hapana.

Kinyago nacho kina habari yake. Nilinunua mti wa ujamaa, ile ya watu waliobebana, nikautoa Dar kwenye unyevu nikaja nao nikauweka juu ya meza pembeni ya dirisha, mwezi wa nane, upepo unapita. Haukumaliza wiki sita, ufa ukatoka kitakoni ukapanda mpaka kwenye bega la yule mama wa chini. Mbao zinapokea na kutoa unyevu, ukizikausha ghafla nje inasinyaa kabla ya ndani na zinachanika. Sasa nafanya hivi: kinyago kikifika nakiacha kimefungwa gazeti na shuka kwenye chumba cha ndani, wiki ya kwanza sifungui, ya pili nafungua saa chache, naongeza taratibu kama mwezi na nusu. Halafu nakipaka nta ya nyuki nyembamba kwa kitambaa, na nta tunayo, asali ya Manyoni na Singida inatoka na nta yake, nunua kipande. Mbali na dirisha, feni na kiyoyozi.

Utajua umefaulu ukiwa: kiangazi kimoja kizima kimepita na hakuna ufa mpya wala rangi iliyonyanyuka.

## Hatua ya 9: Kama nia yako ilikuwa kuuza

Mfuatilie msanii. Nenda kwenye maonyesho yake, hifadhi vipeperushi, kata magazeti yanayomtaja, vyote viingie kwenye faili la ile kazi. Miaka kumi ni muda wa kawaida kusubiri na bado hakuna ahadi.

Ukiwa tayari, anza na msanii mwenyewe, mara nyingi anamjua mtu aliyekosa kazi ya kipindi kile. Pili galari iliyowahi kumuonyesha. Kwa majina yaliyokwisha simama kuna mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki unaoendeshwa na Circle Art Gallery ya Nairobi tangu 2013, wao watakuuliza karatasi kabla hawajauliza jina lako. Uliza kamisheni, nani analipa usafiri, na kazi isipouzwa nini kinatokea, yote kwa maandishi.

Na usiwe na haraka. Anayeuza kwa sababu ya ada ya Januari anauza kwa bei ya Januari, kila mnunuzi ananusa hilo.

## Ukaguzi wa kila mwaka

Mimi naufanya Novemba kabla mvua haijaanza, huchukua asubuhi moja. Toa picha zote ukutani, zilaze kitandani juu ya shuka, uso chini. Kagua mbao za nyuma kama kuna unga au njia za udongo za mchwa, kaza skrubu zilizolegea, piga brashi vumbi nyuma na mbele, angalia ukuta kama kuna alama ya maji kutoka kwenye paa. Piga picha kila kazi mbele na nyuma, ziweke kwenye folda ya mwaka huo. Vinyago vipake nta tena. Halafu kabla ya kurudisha, badilisha nafasi, ya chumbani ije sebuleni, ya sebuleni iende koridoni, maana jicho likizoea linaacha kuona, na ile ya ndege wangu wawili kila nikiihamisha naikuta kama nimeinunua jana.